Bagnold, mwanajeshi aliyefundisha malori kupita mchangani

Lori likinasa mchangani, jambo la kwanza wanalofanya madereva wengi ni kuongeza moto. Gurudumu linazunguka, mchanga unaruka, na baada ya nusu dakika ekseli imelala chini. Jambo la pili ni kumtafuta mwenye trekta, ambaye siku hiyo hutaja bei anayoitaka yeye.

Karibu miaka mia moja iliyopita, ofisa mmoja wa jeshi la Uingereza aliyekuwa akiendesha magari ya bei rahisi katika jangwa la Misri na Libya alijifunza kufanya kinyume. Alipunguza mzigo, akapunguza upepo wa tairi, na gari lilipoanza kuzama aliondoa mguu kwenye mafuta mara moja. Aliitwa Ralph Alger Bagnold. Mengi kati ya yale ambayo leo dereva wa njia mbovu huambiwa na wakubwa zake kama kawaida ya kazi, yeye aliyafanyia majaribio mahali ambapo kukosea kulikuwa na maana ya kufa kwa kiu.

Bagnold alizaliwa tarehe 3 Aprili 1896 huko Devonport, kusini magharibi mwa Uingereza. Baba yake alikuwa mhandisi wa jeshi, na mwaka 1884 hadi 1885 alikuwamo katika msafara uliopanda mto Nile kwenda kumwokoa Jenerali Gordon aliyezingirwa Khartoum, msafara ambao ulichelewa. Dada yake, Enid, alikuja kuwa mwandishi mashuhuri wa hadithi. Ralph alimfuata baba. Mwaka 1915 aliingia kikosi cha wahandisi, akapelekwa Ufaransa kwenye mahandaki ya Vita Kuu ya Kwanza, na vita vilipokwisha akaenda kusoma uhandisi Cambridge kabla ya kurudi jeshini katika kitengo cha mawasiliano. Mwaka 1926 alipangiwa kituo cha Cairo.

Huko ndiko mambo yalikoanzia. Maofisa wengi wa Kiingereza mjini Cairo walimaliza likizo zao kwenye michezo ya farasi na kumbi za starehe. Bagnold na wenzake wachache walinunua Ford za aina ya Model T wakaanza kuzipeleka Sinai, Palestina, na baadaye magharibi kuelekea Siwa. Model T haikuwa gari la kifahari. Ilikuwa nyepesi, ilisimama juu ya ardhi kiasi cha kupita mawe, na karibu kila kilichomo ndani yake kingeweza kufunguliwa kwa spana chache. Safari hizo walizigharimia wenyewe. Jeshi halikuwatuma na halikuwa na mpango wa kuwafuata, kwa hiyo gari likifia kilomita mia tatu kutoka kisimani, wa kulitengeneza walikuwa wao au hakuna.

Hali hiyo ilimfanya Bagnold aone gari kwa jicho la mfanyabiashara mdogo kuliko la mwanajeshi. Kila kilo iliyopakiwa ilibidi ijieleze. Viti vizito, milango, vioo na mabati ya kujipamba viliondolewa, na mahali pake pakakaa maji, petroli, spea na chakula. Mwenye lori anayebeba mabomba ya chuma, tairi mbili zilizokufa na kreti za soda tupu safari nzima kwa sababu hakuna aliyezishusha, angefukuzwa kwenye msafara ule siku ya kwanza.

Mwaka 1929 na tena 1930, kundi lake lilikwenda na Ford mpya zaidi, Model A, hadi kwenye Bahari Kuu ya Mchanga, eneo la matuta marefu yaliyopangana kama mawimbi katika mpaka wa Misri na Libya. Mengine hufikia mita mia moja kwenda juu. Wakati huo iliaminiwa kwamba gari haliwezi kupita pale. Bagnold alilielekeza gari kwenye mteremko wa tuta kwa mwendo mkali, likapanda. Ilionekana kwamba upande ambao upepo unaupiga, mchanga umeshindiliwa na kuwa mgumu, na gari lenye kasi huupanda kabla halijapata muda wa kuzama. Upande wa pili, mchanga ulioanguka wenyewe ni laini kama unga, na hapo kosa dogo la usukani hulipindua gari. Kwa hiyo kasi ilitakiwa kwenda na macho. Dereva alijifunza kutofunga breki ghafla, kwa kuwa breki hujenga kizingiti cha mchanga mbele ya tairi, na kila aliposimama alisimama akielekea mteremkoni ili kuondoka kuwe rahisi. Alijifunza pia kutofuata alama za gari lililotangulia pale ambapo juu ya mchanga kuna ganda gumu, kwa kuwa gari la kwanza huwa limekwisha kulivunja.

Kasi peke yake isingetosha. Siri kubwa ilikuwa kwenye upepo wa tairi, na hapa hesabu yake ni nyepesi kiasi kwamba inaweza kufanywa gereji yoyote. Tairi hubebwa na upepo uliomo ndani yake. Tuseme gurudumu moja linabeba kilo 700, na geji inasoma pauni 35 kwa inchi ya mraba. Ili upepo huo uubebe mzigo huo, tairi linahitaji kugusa ardhi kwa eneo la karibu sentimita za mraba 285. Upepo ukishushwa hadi pauni 18, tairi hujilaza lenyewe mpaka eneo linalogusa ardhi linazidi sentimita za mraba 550. Mzigo ni ule ule, injini ni ile ile, lakini uzito unaokandamiza kila sehemu ya mchanga umepungua karibu nusu. Alama ya tairi hurefuka kwenda mbele na nyuma kuliko inavyopanuka ubavuni, na ndiyo maana tairi lililolegezwa hutambaa juu ya mchanga badala ya kuukata.

Hesabu hiyo ina upande wa pili, na wanaoujua huwa wameulipia. Tairi lenye upepo mdogo likirudi kwenye barabara ngumu kwa mwendo wa kawaida, ubavu wake hupinda na kunyooka kila linapozunguka. Joto hupanda, matabaka ya ndani huachana, na tairi hupasuka likiwa na mzigo. Kwenye magari ya tyubu kuna hatari nyingine: tairi lililolegea huteleza juu ya rimu likavuta tyubu, na vali hukatika. Ndiyo maana pampu haikuwa kitu cha hiari katika misafara ya jangwani. Ulipofika mchangani ulitoa upepo, ulipotoka uliujaza, hata kama mara nne kwa siku na jua likiwa kichwani. Wengi siku hizi wanakumbuka nusu ya kwanza.

Katika uchaguzi wa tairi pia jangwa lilikuwa na jibu ambalo linamshangaza mteja wa duka la spea. Tairi lenye meno makubwa linalovutia macho dukani ndilo linalochimba shimo haraka zaidi kwenye mchanga mkavu. Mchangani hutakiwa tairi pana, lenye ubavu unaokubali kujilaza na meno ya wastani. Misafara hii pia ilipendelea gurudumu moja moja nyuma kuliko yale ya kubanana mawili mawili. Sababu ni kwamba gurudumu moja la nyuma hupita palepale ambapo la mbele limekwisha kushindilia, lakini magurudumu pacha hulazimika kukata njia mpya, na mawe huingia katikati yake na kuchana mbavu.

Hapa ni lazima kutenganisha mchanga na tope. Mkulima wa kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi akienda na ushauri wa Bagnold bila kuupima, masika yatamfundisha. Udongo ule hujaza tairi laini dakika moja likawa kama limepakwa sabuni, na hapo meno makubwa yanayotema tope, au minyororo ya tairi, ndiyo husaidia. Kupunguza upepo kidogo huweza kufaa pia, lakini hakuna upepo utakaolisaidia tairi kipara juu ya mfinyanzi uliolowa.

Gari likinasa hata baada ya yote hayo, Bagnold alikuwa na mabati yake. Kwenye duka la vyuma chakavu mjini Cairo aliona vipande vya chuma kizito vilivyokunjwa kama mfereji, vya urefu wa kama mita moja na nusu, vilivyotengenezwa wakati wa Vita Kuu kwa ajili ya kuezekea mahandaki. Vilichimbiwa mbele ya magurudumu ya nyuma, gari likapanda juu yake taratibu na kupata mwendo wa kutokea. Mabati yenye matundu yanayofungwa leo ubavuni mwa magari ya watalii ni watoto wa vyuma vile chakavu. Kwa lori la mashambani, mbao mbili nene zenye urefu huohuo hufanya kazi ileile kwa bei ya mbao.

Tatizo lililobaki lilikuwa maji. Gari linalosukuma mchanga kwa gia ndogo huku upepo ukitokea nyuma huchemka, na rejeta za siku hizo zilimwaga mvuke nje kupitia mrija. Kwenye jangwa, maji yale yalikuwa ya kunywa. Bagnold na wenzake waliuziba mrija ule wa kumwagia, wakauelekeza mvuke kwenye kopo la maji lililofungwa pembeni mwa gari. Mvuke ulipoingia kwenye maji yale ya baridi ulirudi kuwa maji. Injini ilipopoa, nafasi tupu ndani ya rejeta iliyavuta maji yote kurudi ndani. Kopo likianza nalo kuchemka, dereva aligeuza pua ya gari kwenye upepo, akazima na kusubiri kusikia maji yakinyonywa. Wazo la namna hiyo lilikuwapo kabla yake miongoni mwa vikosi vya magari mepesi vya Vita Kuu, lakini yeye aliliboresha mpaka gari likaweza kwenda safari ndefu bila kuongezwa maji, ili mradi hakuna mahali panapovuja.

Kopo la plastiki linalokaa pembeni mwa rejeta ya lori la leo linafanya kazi kwa akili hiyohiyo. Mfuniko wa rejeta ukiwa raba yake imechoka, au mrija wake una ufa, maji hutoka lakini hayarudi. Dereva huongeza maji kila asubuhi na kumlaumu fundi wa injini, wakati ugonjwa uko kwenye mfuniko.

Kwa kutafuta njia, dira ya sumaku ilidanganywa na chuma cha gari, basi Bagnold akatengeneza dira ya jua: sahani yenye alama za digrii na sindano iliyosimama katikati, kivuli chake kikimwonyesha dereva mwelekeo bila kusimama. Kwa vifaa hivi, mwaka 1932 kundi lake lilivuka jangwa la Libya kutoka mashariki hadi magharibi, safari ya kwanza ya aina hiyo kwa gari kuandikwa. Baadaye Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kilimpa nishani ya dhahabu. Mwaka 1935 aliacha jeshi kwa sababu ya ugonjwa, akajenga mwenyewe handaki la kupulizia upepo na kuanza kuchunguza jinsi punje za mchanga zinavyoruka. Kitabu alichoandika kutokana na kazi hiyo kilitoka mwaka 1941 na bado kinasomwa na wataalamu wa jangwa.

Vita vya Pili vilipoanza mwaka 1939 aliitwa tena na kupangiwa Afrika Mashariki. Hakufika. Meli yake iligongana na nyingine katika Bahari ya Mediterania, abiria wakashushwa Port Said, na Bagnold akapanda treni kwenda Cairo kuwasalimu marafiki. Wakubwa wa huko walipojua yupo, walimbakiza. Alipendekeza kikosi kidogo cha malori kitakachopita katikati ya jangwa na kuwapeleleza Waitaliano wa Libya. Pendekezo lilikataliwa mara mbili. Italia ilipoingia vitani Juni 1940 alilifikisha moja kwa moja kwa Jenerali Wavell, naye akampa wiki sita kuandaa kila kitu. Kikosi hicho kilikuja kujulikana kwa Kiingereza kama Long Range Desert Group.

Kuhusu watu, Bagnold aliomba kutoka jeshi la New Zealand. Wengi wa waliojitolea walikuwa wakulima na wafugaji, watu waliozoea kuishi mbali na gereji na kutengeneza mashine zao wenyewe kwa kile kilichopo. Jangwa hawakuwa wamelijua, lakini gari walilijua kwa kulisikiliza.

Kuhusu malori, hakuchagua ya kijeshi. Alikusanya Chevrolet za kibiashara za tani moja na nusu, zenye kuvuta kwa magurudumu ya nyuma tu. Milango, vioo vya mbele na mapaa vikatolewa, springi zikaongezwa majani kwa sababu mzigo ungezidi kiwango, yakawekwa matairi mapana ya mchangani na kopo la kurudisha maji. Mwaka 1941 kikosi kilipewa Ford zenye kuvuta kwa magurudumu yote manne. Mtu angetarajia sherehe. Lakini zilikuwa nzito na zilikunywa petroli karibu maradufu, na petroli yote ilibidi ibebwe mgongoni mwa lori hilohilo. Mwaka 1942 zilibadilishwa kwa Chevrolet nyingine za kuvuta nyuma tu. Mwenye shamba anayefikiria kukopa ili anunue gari la kuvuta kote, wakati njia yake humshinda wiki tatu tu kwa mwaka, ana sababu ya kuifikiria habari hiyo mara mbili.

Petroli ilibebwa kwenye madebe, yaleyale ya galoni nne yaliyosambaa Afrika Mashariki nzima na ambayo hadi leo ni kipimo cha mahindi sokoni. Kwa kubebea petroli yalikuwa mabaya. Bati lilikuwa jembamba, viungo viliachia kwa kutikisika, na sehemu ya mafuta ilimwagika kabla haijatumika. Kuyapanga ndani ya masanduku ya mbao kulipunguza hasara tu. Kila aliyenunua dizeli kwa madumu dhaifu na kuyapeleka shambani juu ya barabara ya makorongo anaijua hasara hiyo.

Matengenezo yalikuwa na saa yake. Jua likiwa juu kabisa msafara ulipumzika, kwa kuwa hata kivuli cha dira hakikusomeka vizuri. Jioni, kabla ya watu kujinyoosha, kila dereva alipita kwenye lori lake: nati za magurudumu, majani ya springi, oili, maji, upepo, na mbavu za matairi zilizokatwa na mawe. Gari la fundi lilikwenda mwisho wa msafara, kusudi lolote litakaloharibika mbele likutwe na spana. Ni mpangilio mdogo, lakini wafanyabiashara wanaosafiri malori matatu kwa pamoja bado humweka fundi kwenye gari la mbele na kumpigia simu.

Kilichokuwa kinachungwa na ukaguzi ule kilionekana tarehe 31 Januari 1941. Doria moja ya kikosi ilishambuliwa na Waitaliano kwa magari na ndege karibu na Gebel Sherif, kusini mwa Libya, na baadhi ya malori yakateketea. Askari Moore wa New Zealand na wenzake watatu waliachwa bila gari, wakiwa na kopo la maji kiasi cha lita nane. Moore alikuwa na jeraha mguuni. Badala ya kujisalimisha walizifuata alama za matairi ya malori ya wenzao kuelekea kusini. Moore alitembea siku kumi, zaidi ya kilomita 300, kabla ya kuokolewa. Mmoja wa wenzake, Easton, alipatikana akiwa hai lakini akafa muda mfupi baadaye.

Bagnold alikabidhi uongozi wa kikosi Agosti 1941, akiwa na umri wa miaka 45 na afya iliyochoka. Mwaka 1944 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society, heshima kubwa kwa mwanasayansi wa Uingereza. Alioa mwaka 1946 na kupata watoto wawili. Miaka iliyobaki aliitumia kuchunguza jinsi mito inavyobeba mchanga na changarawe, kazi iliyowafaa wajenzi wa mabwawa na mifereji, na aliendelea kuandika hadi uzeeni. Alifariki tarehe 28 Mei 1990 akiwa na miaka 94.

Mwishoni mwa 2015 chombo cha Wamarekani kinachotembea juu ya sayari ya Mars, Curiosity, kilifika kwenye matuta ya mchanga mweusi ambayo wanasayansi wameyaita kwa jina la Bagnold. Kina magurudumu sita ya aluminiamu, hayajazwi upepo, na kabla hata ya kufika matutani mawe makali yalikuwa yamekwisha kuyatoboa.